Springi za Nyuma za Pikipiki ya Shemeji Yako

Ikungi,
kupitia Posta ya Singida,
Jumapili, 9 Septemba 1956.

Mpendwa kaka Alute,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Stumai na watoto mkiwa wazima huko Tanga, na kwamba ile homa uliyoitaja katika barua ya Pasaka imekwisha kabisa. Mama anauliza kama joto la huko linakuacha ulale. Mimi sijui la kumjibu, basi ukijibu umwandikie na yeye mistari miwili nimsomee.

Sisi huku hatujambo. Klara ameota meno ya juu na anauma kila anayembeba. Uwele ulikuwa wa kutosha mwaka huu, mtama kidogo. Upepo wa Agosti umeng'oa udongo wa juu ya tembe letu upande wa jikoni, lakini tumeshakandika. Macho ya mama yanamsumbua jioni tu. Mchana bado anapeta nafaka na kuokota kila jiwe.

Najua utanilaumu kwa kukaa kimya tangu Mei. Sikuwa na hasira nawe wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe inakuhusu, kwa sababu ulinifundisha wewe.

Mwezi wa Mei yule Stefano, msaidizi wa Bwana Mifugo aliyekuwa akizungukia vijiji vyetu kuchanja ng'ombe, alihamishiwa Kintinku. Kazi yake akapewa mume wangu Melkiori, na pikipiki ya Serikali ikaja pamoja na kazi. Tulifurahi sana. Miaka minne Melkiori alikuwa anazunguka kwa baiskeli, na baiskeli tatu zimekufa chini yake.

Stefano unamkumbuka, ni mwembamba kama bua la mtama. Shemeji yako naye unamkumbuka. Siku ya harusi yetu ulimpima kwa macho ukasema nimepata nyumba na nguzo yake. Tangu hapo hajapungua. Ile pikipiki ilikuwa imezoea kumbeba Stefano. Melkiori alipoikalia mara ya kwanza hapa uani, nyuma ilishuka mpaka tairi ikakaribia kugusa madigadi, na mbele ikainua pua kama mbuzi anayenusa mvua. Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Najuta.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Mang'onyi. Dawa ya kuchanja sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, inakuja kwa lori kutoka mjini ndani ya chupa za kioo, ikiwa katika kasha la barafu, na kasha lile hufungwa juu ya gurudumu la nyuma. Alikuwa amezifungia blanketi na nyasi kavu. Lakini kila shimo gurudumu lilipiga madigadi, na pigo lilipanda moja kwa moja kwenye kasha. Kati ya chupa sita alifika na mbili. Mzee Mghenyi alikuwa amewazuia ng'ombe wake bomani tangu alfajiri bila kunywa maji, na wengi wao wakarudi malishoni bila kuchanjwa.

Safari ya pili alianguka. Kwenye mchanga wa korongo usukani ulikuwa mwepesi, unakwenda unakotaka wenyewe, akaenda chini na kasha lake. Alirudi anasukuma pikipiki, goti limevimba, na hakuna hata chupa moja iliyopona. Kule Mang'onyi wakaanza kusema kwamba Serikali imeondoa mtu ikaleta gunia. Melkiori aliyasikia hayo kwa masikio yake akiwa dukani ananunua chumvi.

Alimpelekea pikipiki fundi mmoja mjini. Fundi akazikaza springi za nyuma mpaka mwisho wa nyuzi za skrubu zake, akasema imepona. Kaka, ilikuwa mbaya kuliko mwanzo! Sasa nyuma ilikuwa juu, lakini kila jiwe lilimrusha Melkiori kama punda anapiga teke, na kwenye shimo kubwa ilishuka ikapiga madigadi vilevile. Usiku alikuwa hawezi kujigeuza kitandani kwa mgongo.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na lile banda la gereji pale Singida, nilipokuwa nakuletea chakula nikibaki kukushikia spana. Ulikuwa umetoka vitani na ufundi wako wa jeshi, na huna mtu wa kuongea naye isipokuwa mimi. Uliniambia springi dhaifu ukiikaza haipati nguvu. Umeinyang'anya tu nafasi ya kupumua. Mzigo ukizidi, tafuta springi nyingine. Na kabla ya kutafuta chochote, pima.

Nilimwambia Melkiori maneno hayo. Hakuyapenda.

“Unataka kunipima kwa kamba uani, watu wanapita, kama ng'ombe wa mnada?” aliniuliza. “Uso wangu nitauweka wapi?”

“Uso utakaa pale pale ulipo,” nikamjibu. “Ni mgongo wako ninaoutafutia mahali.”

Akachukua kofia akatoka. Siku mbili tulizungumza mambo ya mtoto na ya kuni tu.

Siku ya tatu akanipa barua nimpe dereva wa lori aipeleke kwa Bwana Mifugo. Haikuwa imefungwa, nami nikaisoma, nisamehe. Ilikuwa fupi. Aliomba arudishwe ofisini Singida kupiga mihuri kwenye ngozi, kwa kuwa mwili wake haufai kwa kazi ya safari. Ameandika hivyo hivyo, mwili wangu haufai. Mtu aliyemshika fahali wa Mzee Mghenyi kwa pembe peke yake.

Na si aibu yake tu iliyokuwa pale. Tulikuwa tumeshasikia kwamba sotoka imeonekana kwa nyati na pofu wa porini upande wa kaskazini. Kama Melkiori angeondoka, mtu mwingine asingekuja kabla ya Januari. Ng'ombe wa Mang'onyi, wa Sepuka, wa baba yetu kule Mungaa, wote wangekaa bila kinga mpaka mvua.

Nilimrudia nikaiweka barua juu ya meza. Nikasema, “Hii haiendi popote kabla sijapima. Nipe siku nne. Zikiisha bila kitu, nitaipeleka mjini mwenyewe kwa miguu.”

Aliisogeza pembeni ya meza. Kisha akaniuliza, “Nivae buti au nisivae?”

Nikajua nimeshinda. Nikamwambia avae buti, koti, achukue na kibuyu cha maji na kasha likiwa limejaa mawe uzito wa dawa, kwa sababu ulisema mpanda hupimwa na mzigo wake wote, si mpanda aliyevaa nguo nyepesi za kwenda misa. Nilimwita jirani yangu Damari, mke wa mwalimu, anayejua kunyamaza. Tulizilegeza springi kwanza mpaka zilipokuwa kabla ya yule fundi. Tukaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia, nikapima kwa kamba kutoka ekseli mpaka alama niliyochora kwenye madigadi. Nikafunga fundo. Tukaishusha chini peke yake, fundo la pili. Kisha Melkiori akakaa, Damari akashika usukani ili isiegemee, nikafunga fundo la tatu.

Gurudumu lile lina mwendo wa kupanda na kushuka wa vidole vinne tu. Vitatu na nusu vilikuwa vimeliwa kabla shemeji yako hajatoka hata uani! Kilichobaki kwa ajili ya mashimo yote ya Mang'onyi ni nusu kidole. Nilimwonyesha kamba. Aliishika, akayapitisha mafundo kati ya vidole vyake mara mbili tatu.

“Kumbe si mimi,” akasema.

“Si wewe. Ni springi za Stefano.”

Kupata springi nyingine ndiyo ilikuwa kazi. Nilikumbuka kwamba misheni ya Makiungu walikuwa na pikipiki ya aina hiyo hiyo yenye kigari cha pembeni, ile aliyokuwa akipandia padre mzee na masanduku yake ya misa. Uliwahi kuniambia pikipiki za vigari hupewa springi nene zaidi za nyuma. Nikamfunga Klara mgongoni nikaondoka asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa kwenye stoo ya misheni naongea na Ignas, seremala anayetunza funguo.

“Ile imekufa zamani,” Ignas akasema. “Kuku wanatagia kwenye kigari. Fundi gani amekutuma?”

“Fundi ni mimi.”

Alicheka, akatazama nyuma yangu kama kuna mwanamume aliyejificha ukutani. Sikubishana naye. Nilimwomba anionyeshe pikipiki, nikapiga magoti, nikapima unene wa springi kwa kidole na kuhesabu mizunguko yake, nikamwambia ni nati zipi zitatoka kwanza na ipi imeshikwa na kutu na itahitaji mafuta ya taa. Ilipotoka kama nilivyosema, akaacha kucheka. Akaenda kumwuliza padre, akarudi na ruhusa, na sharti moja tu, kwamba zisipofaa nizirudishe. Alinisindikiza mpaka njia panda akiwa amebeba begani shokapu zote mbili pamoja na springi zake.

Sasa kaka, hapa sikia. Kule gereji ulikuwa unabana springi kwa ile jiriwa kubwa ya mezani ili kutoa vile vipande viwili vya chuma vinavyoizuia kichwani. Mimi jiriwa sina. Na nakumbuka kovu lako la kidevuni, najua springi ikichomoka inafanya nini. Nikasimamisha shokapu kwenye jiwe bapa, nikalaza vipande viwili vya mbao juu yake, kimoja kila upande wa kichwa, nikavifunga kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe ili visiteleze. Kisha nikamwita mume wangu.

“Lala hapa kwa kifua chako chote,” nikamwambia, “na usiinuke mpaka niseme.”

Akalala. Springi za Stefano zilishuka kama kitumbua, nikavitoa vipande na kuziondoa. Zile za misheni zilikataa kwanza, mbao zikalia, halafu nazo zikaanza kushuka polepole, nami nikapata nafasi ya kuvirudisha vipande kwa koleo. Nikamwambia ainuke. Nikamwambia pia kwamba Stefano angelala pale mpaka kesho kutwa na springi zingekuwa zinamtazama tu.

Melkiori alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na Damari akatoka nyumbani kwake kuuliza kuna nini. Wiki nane sikuwa nimeisikia sauti ile.

Tulipima tena, na buti, koti na kasha. Safari hii alipokaa, gurudumu lilipanda kidole kimoja na kitu, karibu theluthi, kama ulivyofundisha. Pikipiki ikiwa peke yake ilishuka kidogo tu, upana wa ukucha. Sikuzikaza sana, nilizungusha alama mbili nikaacha.

Lakini nilipoibonyeza nyuma kwa mikono na kuachia, iliruka juu upesi na kutikisika. Springi ilikuwa na nguvu kuliko oili iliyo ndani ya shokapu. Niliimwaga ile oili, nyepesi kama maji ya mchele, nikaomba kwa dereva wa lori chupa ya oili nzito ya injini, nikatia kiasi kile kile. Nikabonyeza tena. Ikapanda taratibu, ikasimama.

Kosa nililolifanya nitakuambia, usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Nilisahau cheni. Nyuma ilikuwa imeinuka, na mimi sikuipima cheni akiwa amekaa. Alizunguka kanisa mara moja, cheni ikaruka, akarudi anaisukuma mbele ya watu waliotoka katekisimu. Nilisubiri anigombeze. Akasema tu, “Fundi, kuna kazi.” Nikaiweka sawa akiwa amekaa juu, nikaiacha ilegee kidogo, na haijaruka tena mpaka leo.

Tulijaribu siku nzima. Nilitia chupa sita za maji ndani ya kasha, nikamwambia apite kule kwenye mawe makubwa nyuma ya soko, ambako hata punda wanachagua pa kukanyaga. Zote sita zilirudi. Barua yake ilikuwa bado juu ya meza. Aliikunja, akawashia jiko.

Alikwenda Mang'onyi Jumatano ya mwisho ya Julai. Sikulala vizuri, sitakudanganya. Najua nilichopima, lakini njia ile siijui. Alirudi Alhamisi mchana, kasha tupu, nikadhani chupa zimevunjika tena. Akashuka, akanyoosha mgongo, akanionyesha vidole sita.

Mzee Mghenyi hakutaka kuwazuia ng'ombe mara ya pili. Alisema hatawanyima maji wanyama wake kwa ajili ya vioo vilivyovunjika. Melkiori alifungua kasha mbele yake, akazitoa chupa moja moja, akazipanga juu ya blanketi. Mzee akaziokota zote akizitikisa karibu na sikio. Kisha akawaita wachungaji. Walichanja ng'ombe mia tatu na kumi kabla ya jua kuzama, na Mang'onyi wakampa Melkiori kiti cha kukalia wakati wa kula. Mwezi Mei walimwacha amesimama.

Kuanzia hapo hakupumzika. Sepuka, Ihanja, Mungaa, kila lori lilipoleta barafu aliondoka. Sotoka ilifika katikati ya Agosti. Kule mbali ambako chanjo haijafika, watu wamepoteza sana, kuna maboma yamebaki miiba mitupu, na sitaki kuandika kwa furaha jambo ambalo wengine wanalilia. Lakini katika vijiji alivyozungukia Melkiori, wamekufa ng'ombe wachache mno, na wengi wao ni wale waliokuwa wamefichwa wasihesabiwe.

Bwana Mifugo alikuja mwenyewe kukagua. Aliizunguka pikipiki, akainama kutazama nyuma, akauliza ni fundi gani wa mjini aliyebadilisha springi. Machifu wadogo walikuwepo, na Mzee Mghenyi, na watu wa soko. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Klara. Nilidhani atasema jina lolote ili yaishe.

“Ni mke wangu,” Melkiori akasema. “Yule pale.”

Bwana Mifugo aliniuliza maswali mawili kuhusu oili, nikamjibu, akaandika katika daftari lake. Sijui aliandika nini.

Kaka, kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonikalisha kuandika Jumapili hii badala ya kwenda kwa mama.

Ijumaa baba alikuja kutoka Mungaa. Alinikuta uani nimeifungua shokapu ya kushoto, natazama kama oili inavuja, mikono yangu myeusi mpaka kwenye viwiko. Unaijua siku aliyonikuta hivyo mara ya mwisho, miaka saba iliyopita, mlangoni mwa gereji. Alisema binti yake si wa oili, akanishika mkono tukaondoka, na wewe uliinamisha kichwa kwenye injini ukanyamaza. Sijawahi kukuambia, lakini nilikukasirikia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomkasirikia yeye. Nilidhani ungesema hata neno moja. Sasa nimekuwa mtu mzima, najua kwamba ungemjibu baba mbele ya watu tusingekuwa na kwetu, wewe na mimi. Hasira ile imekwisha. Nimeona uijue sasa kwa kuwa haipo tena.

Basi baba alisimama pale. Nilimwamkia nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, na sikuficha mikono. Aliitikia. Akavuta kigoda akakaa, akaweka fimbo chini. Nami nikaendelea na kazi kwa sababu oili ilikuwa wazi na upepo una mchanga.

Kisha akasema, kwa Kinyaturu, nami nakuandikia kwa Kiswahili, “Ng'ombe wangu ishirini na saba wako wazima. Wa jirani yangu ng'ambo ya mto wamekwisha.”

Nikasema, “Tumshukuru Mungu, baba.”

 Aliinama, akazitazama spana zilizopangwa juu ya gunia, akachagua moja, akaifuta kwa pindo la shuka lake, akanyoosha mkono kunipa. Haikuwa yenyewe kaka, mimi nilikuwa nataka ile ndogo. Lakini niliipokea kwa mikono miwili.

Mama anakusalimu na kukuombea. Melkiori anakusalimu sana, anasema ukija likizo atakupakia nyuma mpaka Mang'onyi uone mwenyewe. Damari na mwalimu wanakusalimu, na Ignas wa Makiungu ingawa hajakuona anasema anakujua. Nisalimie wifi Stumai, umwambie kitenge alichonitumia nakivaa kanisani tu. Wabusu watoto. Baba naye ametuma salamu zake.

Mungu akulinde huko kwenye mashamba ya mkonge, akupe afya na mikono yako iendelee kuwa na kazi. Mimi niko hapa nikiwakumbuka nyote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda daima,

Kristina